Wimbo wa Kumwinua Mama Eliza

Iko Jumapili moja ninayoikumbuka hata leo, mwanangu, Jumapili ya kumaliza kilio cha Papa Selestini, baba aliyenilea, na ninaikumbuka zaidi ninapowaona ninyi wajukuu wangu mmekaa barazani kwangu, kila mmoja na simu yake, mkigombana. "Sikiliza huu." "Huo si kitu, sikiliza huu." Mmoja anawaita wenzake kwenye konseti ya Jumamosi, mwingine anasema kelele zile nani atazilipia, afadhali mtazame filamu ya wanamuziki wa zamani. Mimi ninanyamaza, ninachambua ndagala zangu, dagaa wa ziwani. Lakini moyoni ninacheka, maana ugomvi huo niliufanya kabla mama yenu hajazaliwa, na niliufanya vizuri kuliko ninyi.

Wakati ule nchi iliitwa Zaire. Wanaume walivaa abakosti, koti lisilovaliwa na tai, maana tai zilikatazwa, na majina yetu ya ubatizo, yaliyokatazwa pia, tuliyaacha mlangoni mwa biro za serikali tukayaokota tena tukirudi nyumbani. Muziki hapa Kalemie haukukaa mfukoni mwa mtu. Ulikuja kwa treni, au kwa boti kutoka ng'ambo ya ziwa, diski moja moja, mtu ameifunga ndani ya nguo zake isivunjike. Na pikapu, mashine ya kuzipigia, katika mtaa wetu, ilikuwa moja tu. Ilikuwa ya Papa Donati, mzee mpole aliyestaafu kazi ya reli.

Jumapili baada ya misa tulikusanyika uani kwake. Kwa kuwa betri zilikuwa ghali na sindano za pikapu haba, mzee aliweka sheria: mwenye diski anapigiwa upande mmoja tu, achague mwenyewe upi, kisha apishe mwingine. Sasa sikiliza jambo hili, maana ninyi hamkuziona diski zile. Zilikuwa ndogo, na wimbo mrefu haukuenea upande mmoja, basi waliukata katikati. Upande wa kwanza mwimbaji anaimba taratibu, analia na mapenzi yake. Upande wa pili waimbaji wanapumzika, magita yanachachamaa, na watu hawakai tena. Hiyo ndiyo seben.

Kwa sababu hiyo tuligawanyika. Kulikuwa na watu wa sauti na watu wa gita. Mimi Feza ndiye niliyekuwa mdomo wa watu wa sauti, na mdomo nilipewa, hilo halina ubishi. Watu wa gita waliongozwa na Kasongo, karani wa bandarini, kijana mwenye abakosti iliyopigwa pasi kila siku na masikio yasiyosikia la mtu. Mgeni akiingia uani kwa Papa Donati alishikwa huku na huku, ashauriwe asikilize nini na asipoteze wakati wake kwa nini, kabla hajapewa hata maji ya kunywa.

Papa Selestini hakuingia katika vita vyetu. Alikuwa fundi wa reli, mume wa mama mkubwa wangu, Mama Eliza, na nyumba yao ndiyo iliyonilea. Alikuwa na diski moja aliyoipenda. Kila Jumapili aliibeba kwapani, kila Jumapili alichagua upande wa kwanza, akafumba macho mpaka uishe. Mama Eliza alikaa karibu naye, mikono mapajani. Mume na mke wale walipendana, mtaa mzima ulijua. Kisha ugonjwa ukamchukua Papa Selestini upesi, hata kumwita padri ilikuwa mbio.

Mama Eliza akavaa nyeusi. Katika ukoo wa mume wake mjane aliyevaa nyeusi hapikii watu wa nje, na yeye alikuwa na jiko lake karibu na bandari, bukari, ugali wetu, na samaki, wapakuzi wa mizigo wote walimjua. Jiko likazimika. Wakati ulipofika ndugu walikutana kumaliza kilio. Desturi yao ni kwamba muziki unapigwa, na mjane anasimama kucheza wimbo wa kwanza. Akisimama, nyeusi inavuliwa. Asiposimama, inabaki. Walimpigia ngoma za ukoo. Mama Eliza akakaa tu.

Watu hawakosi la kusema. Wakasema amemng'ang'ania marehemu. Wakasema mengine ambayo sitayarudia, maana walioyasema nao wamekwisha kufa. Ndugu wa mume wakakubali ajaribiwe mara moja nyingine. Akikaa tena, kaka zake wangekuja kumchukua arudi Mpala, kijijini kwao, kulima muhogo, na jiko lake apewe mwingine. Usiku nikamuuliza kwa nini asisimame tu ayamalize.

"Feza," akaniambia, "miye sitaki Mpala. Jiko yangu iko hapa. Lakini siwezi kumudanganya marehemu na miguu. Kama moyo haijasimama, miguu isimame ya nini?"

Ndugu wakamwomba Papa Donati alete pikapu yake, labda muziki wa mjini utafanya lile ambalo ngoma hazikuweza. Na wimbo gani? Hapo sisi washauri tukapata kazi. Mimi nilikuwa na wimbo wangu, sauti tamu, maneno ya faraja. Kasongo alikuwa na diski mpya iliyotoka Kinshasa, hata vumbi la njia halijaitoka. Tulibishana uani, tukabishana sokoni, tukabishana mlangoni mwa kanisa mpaka katekista akatufukuza. Nilitaka sana mama mkubwa wangu asimame, Mungu ni shahidi. Lakini nilitaka asimame kwa wimbo wangu. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi yetu ilikuwa nyumbani, kimya, inachagua mchele.

Papa Donati alituvumilia, kisha Jumapili moja akafunga kifuniko cha pikapu.

"Mumemaliza?" akauliza. "Mutu anatafuta kutoka mu kilio, ninyi munatafuta kushinda. Hamuna haya?"

Hata Kasongo aliangalia viatu vyake.

"Tutapiga diski ya Selestini," mzee akasema. "Ile aliyokuwa anapenda. Bibi yake akiisikia, ataona bwana yake mwenyewe anamupa ruhusa."

Penye wazee haliharibiki neno, ndivyo tulivyofundishwa, na neno hili lilikuwa zuri hata mimi nikatokwa na machozi. Pia nitakwambia ukweli, diski ile ilikuwa ikipigwa upande wa kwanza, upande wa sauti, nikamtazama Kasongo kwa jicho la ushindi.

Siku ikafika. Uani kwa Mama Eliza mikeka ilitandikwa tangu asubuhi. Kaka zake walikuwa wamekuja kutoka Mpala, boti yao imefungwa ufuoni, wako tayari kuondoka naye. Ndugu za marehemu walishuka kutoka Pepa, na mbele yao akaketi Shangazi Veronika, dada mkubwa wa Papa Selestini, bibi mwembamba wa milimani aliyejifunika shuka nzito kwa mazoea ya baridi ya kwao ingawa sisi tulitoka jasho.

Papa Donati akaitoa diski kwenye karatasi yake, akaifuta kwa kitambaa, akaweka sindano. Ilikuwa imekwaruzika vibaya kwa kupigwa kila Jumapili, lakini sauti ilitoka. Watu wakainamisha vichwa. Wengine wakaanza kulia, maana ilikuwa kama Papa Selestini ameingia uani na diski yake kwapani. Mama Eliza naye machozi yalimtiririka. Tukamtazama magoti, tukamtazama miguu. Wimbo ukaisha. Hakusogea.

Kaka yake mkubwa akashusha pumzi, akaniuliza polepole nguo za dada yake ziko sanduku gani. Nikaona jiko lile limekwenda, na mama mkubwa wangu yuko ndani ya boti na nyeusi yake. Na unajua nilifanya nini, mwanangu? Nilinyanyua diski yangu. Kasongo akanyanyua yake. "Papa Donati, piga hii." "Hapana, hii." Tukaanza tena, mbele ya mjane.

"Munyamaze," akasema Shangazi Veronika. Hakupaza sauti. "Mulimuuliza yeye mwenyewe?"

Papa Donati akasema kwa heshima, "Mama, mujane haulizwake mambo ya muziki mbele ya kilio kuisha. Njo desturi."

"Kilio ni ya ndugu yangu. Miye njo mukubwa wake. Miye ninamuuliza."

Akajikongoja mpaka mkekani, akaketi karibu na Mama Eliza, magoti yakagusana.

"Wifi yangu, unapenda usikie nini?"

Mama Eliza akafuta uso kwa ncha ya nguo yake.

"Munigeuzie ile diski," akasema.

Watu wakafikiri hawakusikia vizuri. Akainua kichwa.

"Bwana yangu alikuwa mutu muzuri. Kila Jumapili alichagua upande ya kwanza, njo ile alipenda, nami nilifurahi kumuona anafurahi. Lakini ule wa pili sijausikia hata siku moja. Hakuna mutu aliniuliza. Miye ninataka kujua ule wimbo unaishaka namna gani."

Papa Donati aliichukua diski ile kwa vidole viwili. Akaigeuza, akaiinua juani. Mwanangu, upande ule ulikuwa mweusi unaong'aa, hauna mkwaruzo hata mmoja. Mzee alitikisa kichwa, akaweka sindano.

Magita yakaingia. Yalitoka safi, ya haraka, moja linauliza na jingine linajibu, na watoto waliokuwa nje ya uzio wakaanza kuruka bila kuambiwa. Mama Eliza alisikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikia habari za nyumbani. Nikaona bega lake likianza kufuata mdundo. Halafu akamshika Shangazi Veronika mkono, nao wakasimama pamoja, mjane na dada wa marehemu, wakacheza. Mama Eliza alicheka huku akilia. "Selestini," akasema, "kumbe ulinificha hii yote." Hakusema kwa uchungu. Wakamvua nyeusi palepale, wakamfunga kikwembe chenye maua mekundu, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka upande wa pili ukaisha na Papa Donati, mtu wa sheria, akaurudia kutoka mwanzo bila kuuliza habari ya betri.

Kaka zake walirudi Mpala na boti yao bila abiria, wameshiba. Jiko la bandarini likawashwa tena. Nami nilipika humo pamoja naye mpaka nikaolewa, na wapakuzi walisema bukari ya Mama Eliza imekuwa tamu kuliko zamani, ingawa unga ulikuwa uleule.

Jumapili iliyofuata Papa Donati hakuanza kwa kuuliza nani ana diski. Alitafuta kwa macho mtu aliyekaa nyuma, asiyesema, akamwambia: "Na wewe, unapenda nini?" Tukagundua watu tuliokaa nao miaka mingi bila kuwajua. Mvuvi mmoja, mtu wa makamo aliyekuja kila juma na hakufungua kinywa hata mara moja, alituomba wimbo wa watu wa sauti na kuueleza neno kwa neno, nami mdomo wote huu nikakaa kujifunza kwake. Kasongo akanung'unika, lakini alisikiliza.

Sasa shika neno langu, mwanangu. Kupenda muziki ni vizuri, na kumpa mwenzio wimbo ni vizuri zaidi. Usiache kufanya hivyo. Siku hizi mambo magumu ni mengi, na mtu akikuletea wimbo mzuri amekupunguzia mzigo. Lakini usimpe mtu kile unachokipenda wewe ukadhani umempa yeye. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na moyo usio wako hujui wimbo wake. Kwanza uliza. Uliza hata kama mzee mwenye busara amekwisha kukwambia jibu, maana Papa Donati alikuwa na busara kuliko sisi sote na bado alikosea nusu. Uliza hata kama mnalala nyumba moja. Mimi nililala nyumba moja na Mama Eliza, nikala chungu kimoja naye, na nilimuuliza kwa nini hasimami, lakini sikumuuliza anapenda nini.

Na ukikuta desturi inamnyamazisha mtu, tafuta mwenye haki ya kumfungulia mlango, kama Shangazi Veronika. Siku moja mwenye haki hiyo utakuwa wewe. Usiogope kuitumia.

Mmepiga nyimbo hapa tangu asubuhi. Mmeshauriana, mmetukanana, mmepatana. Mama yenu yuko jikoni nyuma ya ukuta huu, amesikia zote, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye anapenda upi. Weka simu chini kidogo. Nenda ukamuulize, kisha ukae usikilize mpaka amalize kusema.

Mungu awape masikio makubwa kuliko midomo. Awape nyimbo za kucheza na miguu ya kuzicheza. Na siku ninyi wenyewe mtakapokuwa mmenyamaza, awaletee mtu wa kuketi karibu nanyi na kuwauliza.