Mkorea Aliyedai Ng'ombe

Nimemwona mama akimlilia yule mwigizaji wa Kikorea mara nne. Mara ya kwanza alikuwa mtumishi wa jikoni, akafukuzwa ikulu kwa kosa la mwingine. Mara ya pili alizaa, akanyang'anywa mtoto. Mara ya tatu sikuona hata sababu: alikuwa amekaa kwenye kituo cha basi, mvua inanyesha, anakula mkate. Ya nne nitaifikia. Mimi, mtoto wake wa kuzaa, niliporudi Sumbawanga na digrii na sanduku moja, alinitazama mlangoni akasema, "Umekonda. Ingia ndani, upepo huo."

Runinga ilinunuliwa nikiwa chuoni. Karibu na stendi kuna duka ambako unapeleka flashi yako na kurushiwa tamthilia za Kikorea zilizokwisha kutafsiriwa. Anayetafsiri ni mwanamume mmoja tu, anayesema sauti za watu wote: mfalme, malkia, mtoto mchanga, wakati mwingine na farasi. Mama alianza na moja, akaipenda sura, na tangu hapo akawa anaagiza "zile za yule mtoto". Jina la mwigizaji hakulishika, na sidhani kama alijaribu.

Yule mtoto. Nilivumilia wiki mbili, halafu nikamtafuta kwenye simu. Nilitaka kujua ni nani aliyekalia nafasi yangu.

Alianza akiwa mwanafunzi, kwenye matangazo ya sabuni na maziwa. Kisha akapewa vijisehemu: rafiki wa mhusika mkuu, muuguzi anayesema sentensi mbili na kutoka. Tamthilia ya mambo ya kale ndiyo iliyomtoa. Akaingia kwenye sinema, moja ikampa tuzo, mbili zilizofuata zikaanguka vibaya. Halafu miaka kadhaa hakuna kitu. Wengine waliandika kwamba alikuwa anamuuguza mama yake, wengine kwamba aligombana na kampuni iliyomsimamia. Siamini upande wowote, kwa sababu kila upande ulikuwa na kitu cha kuuza. Aliporudi hakuwa msichana tena. Wakampa nafasi za shangazi, kisha za mama, na humo aling'aa kuliko alipokuwa binti mfalme.

Nilisoma yote hayo nikitafuta mahali alipokosea, na kadiri nilivyosoma nilizidi kuumia. Maisha yake yalieleweka. Kazi ndogo, kazi kubwa, kuanguka, kunyamaza, kurudi. Nilikuwa na hakika kwamba ningeyaweza. Hata huko kuanguka, ningeanguka vizuri.

Nilikimbilia kwa mama na kitu kimoja tu nilichokiona kina faida.

"Mama, huyu unayemwita mtoto ana miaka arobaini na tano. Unamzidi saba tu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo si mtoto."

"Mama yake anamwitaje?" akauliza, akaendelea kupepeta ulezi.

Hapa inabidi nieleze jambo la simu. Nikiwa mwaka wa pili nilijiunga na kikundi cha maigizo chuoni. Nilicheza nafasi ya mjane anayegombania shamba na shemeji zake, na ukumbi mzima ulinyamaza, ule unyamavu ambao mtu akikohoa anatazamwa. Baada ya hapo watu waliokuwa wanaandaa tamthilia Dar es Salaam wakaniita. Nikampigia mama simu kumwomba ruhusa. Ninachokumbuka ni sauti yake ikisema, "Sikukulimia ulezi ili ukachezee watu." Sikwenda. Nilimaliza ualimu, na sasa najitolea kufundisha Kiingereza katika sekondari moja mjini huku nikisubiri ajira. Mama aliyenikatalia kuigiza nilimkuta nyumbani anamlilia mwigizaji. Nilitaka anitazame mimi vile anavyomtazama yule, hata mara moja. Sikutaka zaidi ya hapo, na sikuweza kulisema.

Badala ya kusema, nikawa nahoji. "Kwa nini watumishi wote wanajua malkia anapewa sumu, ila mfalme hajui?" "Nyamaza tusikie," mama anasema. "Kwa nini ametoka hospitali na rangi ya mdomo?" "Nyamaza."

Jirani yetu, mama wa Kisukuma ambaye familia yake ilihamia huku na ng'ombe wao, alikuwa anakuja kuangalia pamoja nasi Jumapili baada ya misa. Yeye na mama wanaitana mtani. "Mtani," anasema, "huyu msomi wako amesoma mpaka raha imemwisha."

Lakini mama naye alikuwa na vipimo vyake. Huku Ufipa mkubwa husalimiwa kwa kushuka chini na kupiga makofi ya polepole. Mjini watu wamefupisha, na mimi nilirudi na shikamoo ya kusimama, mkono mmoja kwenye begi. Kwenye tamthilia za Kikorea kila mtu anainama na kupiga magoti, na mama alikuwa anawasahihisha kama mwalimu. "Huyu ameanza goti moja halafu la pili, kama anatafuta sindano." Yule mtoto akishuka, mama ananyamaza kwanza. Kisha anasema, "Umeona? Huyo amelelewa." Anasema hivyo hanitazami, na kutonitazama huko ndiko kunaniuma.

Mwezi wa saba, upepo umekaza na ulezi wote uko ndani, mama alirudi kutoka mjini na tamthilia mpya. Safari hii yule mtoto alikuwa binti wa makamo anayetoka jijini kurudi kijijini kumuuguza mama yake. Ilitafsiriwa nusu tu. Kuanzia sehemu ya tisa yule mwanamume wa sauti zote hakusikika tena, wakawa wanazungumza Kikorea chao, na chini kuna maandishi ya Kiingereza. Mama alimaliza darasa la saba na Kiswahili anakisoma vizuri. Kiingereza hapana.

"Si unafundisha Kiingereza?" akaniambia. "Kaa hapa. Soma."

Nikakaa. Jumapili ya kwanza nilisoma kama ilivyoandikwa. Yule binti alikuwa mwema kupita kiasi: anapika, anafua, anaomba msamaha kwa makosa ambayo mimi sikuyaona. Mama alikuwa ameegemea mbele, mkono shavuni. Nikajiuliza, na swali lilionekana kuwa zuri: ni nani duniani anayerudi nyumbani hivi, bila kinyongo chochote? Sikuamini. Jumapili ya pili nikaanza kumrekebisha.

Nilianza kidogo. Aliposema "Nimekukumbuka, mama," nikasoma, "Kumbe bado upo, mama, sikutegemea." Mama akakunja uso. Nikaendelea. Simu aliyopigiwa na rafiki yake nikaifanya ya dalali. Alipotazama ua wa nyumba yao na kutabasamu, nikasema, "Kiwanja kikubwa hivi, na kizee kimoja tu ndani." Sauti ilinijia yenyewe, laini juu na baridi chini. Nilimpa mapumziko mahali pake, nilimpa pumzi. Nilimharibu kwa ustadi wangu wote.

"Ama!" jirani akasema. "Kumbe mtoto wako ni nyoka, mtani."

Mama alikuwa anaangalia skrini kama mtu anayeangalia barua yenye mwandiko anaoufahamu na maneno asiyoyafahamu. Nilifurahi, sitaficha. Usiku nililala vizuri.

Jumapili ya tatu ikaja sehemu ambayo mama mgonjwa hawezi tena kushika kijiko. Binti anaingia na bakuli la uji. Anashuka chini, magoti yote mawili, taratibu, anainua bakuli kwa mikono miwili, anasema neno fupi. Maandishi yalisema: "Samahani nimechelewa kurudi." Mimi nikasoma, "Kunywa haraka, wewe kizee, nikiuze hiki kiwanja nirudi zangu mjini."

Mama akachukua rimoti. Akasimamisha picha, akairudisha nyuma mpaka bakuli likawa mlangoni.

"Nisomee tena," akasema.

"Si nimesoma?"

"Masikio yangu hayakushika. Soma."

Binti akashuka tena, magoti mawili, mikono miwili. Nilitakiwa kurudia uongo uleule na sikuukumbuka. Nje ng'ombe wa jirani walikuwa wanapita kwenda mtoni, wanalia mmoja baada ya mwingine. Nikafungua mdomo.

"Kunywa," nikasema, "halafu uniambie ng'ombe wako wapi."

Jirani akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. "Ng'ombe! Mkorea anadai ng'ombe! Mtani, huyo sasa ni Msukuma, mleteni kwetu tumuozeshe!"

Mama hakucheka. "Mara ya kwanza alitaka kiwanja," akasema. "Sasa ng'ombe. Nyumba ile tumeiona yote, mpaka chooni. Zizi liko wapi?"

Sikuwa na zizi.

"Na mtu anayeshuka vile," akasema, "hasemi vile."

Ningeweza kubishana. Chuoni tulifundishwa kwamba adabu inaweza kuwa vazi tu, na kwamba mtu anaweza kupiga magoti huku anachukia. Bado naamini hivyo. Lakini mama hakunipa nafasi ya kubishana, maana alikuwa ameshaondoka kwenye tamthilia.

"Ile karatasi ya hospitali," akasema. "Ya dawa zangu za presha. Uliyonisomea. Nayo ulinisomea hivihivi?"

Jirani aliacha kucheka. Akaokota kanga yake, akasema ng'ombe watamkimbia, akatoka.

"Hapana, mama," nikasema. "Ile nilisoma kweli."

"Nitajuaje?"

Mimi ndiye mwenye swali hilo nyumbani kwetu. Nimewauliza padri, mwenyekiti wa mtaa na walimu wangu, kila mmoja kwa zamu yake, na siku zote nililiona ni swali la kishujaa. Sikuwahi kuulizwa mimi. Mtu akishakudanganya juu ya bakuli la uji, huwezi kujua.

"Amekukosea nini huyo mtoto wa watu?" mama akauliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, ndiyo iliyoniangusha.

Nikamwambia. Nilimwambia simu ile, Dar es Salaam, ulezi, kuchezea watu. Nilikuwa nalia, na hata katika kulia nilisikia sauti yangu inapanda vibaya, si kama ya yule.

Mama alifikiri. "Nilikukataza kwenda kulala Dar kwa watu ambao hata wewe hukujua majina yao," akasema. "Nilikuuliza, mwenyeji wako nani? Ukasema, 'wahusika.' Wahusika ndio nani?"

"Ulisema kuchezea watu."

"Labda nilisema. Nilikuwa na hofu." Akazima runinga. "Hukuniambia kwamba unajua kazi hiyo. Uliniambia umeitwa."

Sijui nani anakumbuka sawasawa. Nimeipitia simu ile mara nyingi tangu siku hiyo, na kila nikiipitia ina maneno mengine.

Jumatatu asubuhi alifunga karatasi ya hospitali kwenye pindo la kanga, akapanda bodaboda kwenda parokiani kwa sista anayejua Kiingereza. Siku hiyo nilifundisha vipindi vyangu bila kujua nafundisha nini. Nilijua kilichoandikwa kwenye karatasi ile, kidonge kimoja asubuhi, nusu jioni, apunguze chumvi, arudi baada ya mwezi, na bado nilikuwa na hofu kama mtu aliyeighushi.

Niliporudi saa kumi nilimkuta amekaa mbele ya runinga. Karatasi ilikuwa imekunjwa juu ya meza.

Nikashuka. Sikupanga. Nilishuka magoti yote mawili na kupiga makofi ya polepole kama nilivyofundishwa nikiwa mdogo, na goti la kushoto lilitangulia kidogo, nina hakika aliliona.

Akanijibu salamu. Kisha akasema, "Sista anasema ulisoma sawasawa. Hata chumvi." Akachukua rimoti. "Haya. Turudi pale ulipoanza."

Tulirudi nyuma sehemu mbili nzima. Nilisoma neno kwa neno, sauti imenyooka kama ya kusoma matangazo kanisani, nisije nikaongeza kitu. Mama akavumilia dakika kumi.

"Sivyo," akasema.

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama, naapa."

"Najua. Lakini ulipokuwa unadanganya ulikuwa na sauti. Nilimchukia yule mtoto mpaka nikaumwa kichwa." Hakugeuka. "Soma kwa ile."

Nikasoma kwa ile. Ilikuwa ngumu kuliko uongo, maana sasa ilinibidi nimfuate yule, pumzi yake, mahali anapokatiza. Nilijua ni fundi. Nililijua hilo tangu siku ya kituo cha basi, na ndiyo sababu nilimchukia. Tulipofika kwenye bakuli, alishuka kwa magoti yake mawili na mimi nikasema, "Samahani nimechelewa kurudi."

Hiyo ndiyo mara ya nne. Mama alilia kimya, macho kwenye skrini, na machozi yote yalikwenda kwake yule. Nilimtazama kwa pembeni nikisubiri ageuke.

"Endelea," akasema. "Anasemaje tena?"