Nia Iliyopata wa Kuibeba

Kila mwaka inapofika Jumapili ya mavuno, katika kanisa letu la Mbaha husimuliwa kisa kinachonihusu mimi na mke wangu, na kila mwaka husimuliwa vibaya. Nimekwisha kumwendea katekista zaidi ya mara moja na kumweleza, kwa adabu, kwamba mambo hayakwenda hivyo. Hunisikiliza, hunishukuru, na mwaka unaofuata huongeza chumvi. Kwa kuwa nilitumia maisha yangu ya kazi kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichotendeka, nimeona niandike mwenyewe, ningali na kumbukumbu.

Basi ieleweke hivi. Mke wangu hakufa akafufuka. Hakuna sauti iliyotoka mbinguni. Na yule aliyemtolea damu hakuwa mgeni asiyejulikana aliyetenda wema akatoweka; ni jirani yetu, ana duka la mafuta ya taa, sabuni na nyuzi za nyavu, na hata leo asubuhi nimemwona akifungua milango yake. Hunikera sana mtu anapomgeuza jirani kuwa malaika. Malaika hamdai mtu shukrani ya uso kwa uso, na wasimuliaji hupenda sana kusamehewa shukrani ya namna hiyo.

Nilikuwa afisa katika ofisi ya wilaya, Mbinga. Enzi hizo gunia la mahindi halikuvuka mpaka wa wilaya bila kibali, na kibali hakikutoka bila kupita mezani kwangu. Nilisoma maombi ya watu kwa miaka mingi, nikajifunza kuyatofautisha. Yalikuwapo maombi yaliyoandikwa kwa unyenyekevu, yenye utangulizi mzuri, ambayo mwombaji alijiweka mbali na haja yake mwenyewe na kuniachia mimi niamue itakavyofaa. Hayo niliyapenda. Yalikuwapo pia ya watu waliosema tu, nina watoto, nataka kupeleka mahindi kwa mama yangu. Hayo niliyaona ya utovu wa nidhamu, hata nilipoyakubali.

Kisha biashara ikaachwa huria. Wafanyabiashara binafsi wakapanda milimani na malori yao kununua kahawa na maharage bila kumwuliza mtu, vibali vikafutwa, na mimi nikafutwa pamoja navyo. Neno lililotumika lilikuwa “kupunguzwa”, kana kwamba sisi tulikuwa matawi ya mibuni yaliyozidi. Ningeweza kulieleza jambo hilo kwa kirefu, na nimelieleza kwa kirefu mahali pengine, lakini hapa halina nafasi. Tulifunga mizigo, tukateremka ziwani, kwenye nyumba ya marehemu baba yangu.

Mke wangu ni Mmatengo, mzaliwa wa Litembo. Alikulia kwenye baridi na kwenye kilimo cha ngoro, yale mashimo yanayochimbwa ubavuni mwa mlima ili mvua isichukue udongo. Huku Mbaha alikuta joto, mihogo, na usipa, wale dagaa wa ziwani, ulioanikwa kila penye nafasi. Hakunung’unika. Alijifunza Kinyasa kwa akina mama waliokuwa wakimcheka, naye akawacheka wao walipojaribu Kimatengo chake.

Sasa nieleze desturi ya jumuiya yetu, kwa maana kisa chote kimesimama juu yake. Familia za jirani hukutana kila juma kusali, leo nyumba hii, juma lijalo nyumba ile. Baada ya kusoma neno, kila mwenye nia huitaja kwa sauti, na wote huitikia wakimwomba Bwana asikie. Hilo hufanyika kila mahali. Lakini kwetu, sala ikiisha, hakuna anayeinuka. Mwenyekiti huzirudia nia zote moja moja na kuuliza, “Hii anaibeba nani?” Aliyeombea mama yake mgonjwa hupata mtu wa kumchotea maji. Aliyeombea paa lake hupata mtu wa kukata nyasi. Nia isiyo na wa kuibeba husemwa wazi kwamba haijapata, na huulizwa tena juma lijalo.

Mwenyekiti wetu alikuwa mjane mmoja mwenye kuuza usipa, mwanamke mwenye sauti pana na subira ndogo. Jina alilonipa lilikuwa Bwana Vibali.

Nia zangu mimi hazikumpa kazi. Niliwaombea viongozi, nikaombea amani ulimwenguni, nikawaombea wagonjwa wote, wasafiri wote na marehemu wote, kwa maneno niliyoyapanga vizuri na kuyamalizia kwa kusema kwamba yote yawe kadiri Mwenyezi atakavyoona inafaa.

“Amani ulimwenguni,” mwenyekiti aliuliza siku moja, akituzungushia macho. “Anaibeba nani?”

Watu wakatazama miguu yao.

“Basi hiyo tumwachie Mungu mwenyewe. Bwana Vibali, umetuzungusha dunia nzima, ukashindwa kufika kwako.”

Watu wakacheka. Sikuona la kuchekesha. Nilichokuwa nikikifanya ndicho nilichokiona kuwa heshima. Mtu hatii sahihi ombi lake mwenyewe. Nilimwendea Mungu kama nilivyotaka watu wanijie mimi.

Kisha mke wangu akaugua. Kulikuwa na uvimbe tumboni, na kutokwa damu kulikomdhoofisha hata akawa anakaa chini katikati ya kufagia. Tulipanda Litembo, hospitalini. Daktari alimpima, akatueleza kwa utaratibu na upole kwamba ni lazima apasuliwe, na kwamba hawezi kupasuliwa bila damu ya akiba. Yangu ilipimwa hapo hapo, ikaonekana haipatani na yake. Watoto wetu walikuwa mbali, katika mikoa ya mbali, na baadhi yao hata barua iliwafikia kwa shida. Daktari akasema turudi upesi na watu wa kutoa damu, akarudia lile neno upesi.

Msomaji kijana hataelewa ugumu wa jambo hilo, kwa hiyo naliweka bayana. Miaka ile ukimwi ulikuwa umekwisha kuingia katika nyumba zetu, na aliyetoa damu alijua kwamba itapimwa. Watu walikuwa wakiogopa majibu kuliko sindano. Kumwomba mtu damu kulikuwa kumwomba akubali kuambiwa habari ambayo pengine hakutaka kuijua. Nilizunguka na ombi hilo kifuani, nikipita mbele ya nyumba za watu niliowafahamu tangu utoto, nikawasalimu, tukazungumza habari za mvua, nikaondoka.

Nyumbani nilisali. Nilipiga magoti kando ya kitanda na kumwomba Mungu, kwa maneno marefu, awaangalie wagonjwa wote na wote wanaoteseka. Mke wangu alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala.

“Baba watoto,” akasema, “unamwombea nani?”

“Nakuombea wewe.”

“Sijasikia. Nimesikia wagonjwa wote. Mimi nimo humo ndani, nyuma kabisa, kwenye foleni?”

Akafumbua macho, akanitazama bila hasira.

“Unaogopa akikukatalia,” akasema. “Ndiyo maana huombi. Mimi naona afadhali aombwe, kisha akatae mwenyewe.”

Siku ya jumuiya tulikutana kwenye ua wa mwenyekiti. Nilifika mapema nikamkuta akigeuza usipa wake juani, nikamweleza habari yote. Nikamwambia pia kwamba nilikuwa natafuta namna inayofaa ya kuiwasilisha nia hiyo, bila kuwabana watu na bila kumshurutisha Mungu.

“Kumshurutisha,” akasema. “Watoto wako walipotaka kalamu ya shule, walikuandikia barua?”

“Hapana. Walisema tu.”

“Uliwafukuza?”

“Sikuwafukuza.”

“Na siku ambayo kalamu hukuwa nayo?”

“Niliwaambia sina.”

“Wakaacha kukuita baba?” Akaendelea kugeuza usipa. “Kaa kivulini. Utasema kama watoto wako.”

Nimelitafakari jibu hilo kwa miaka mingi, na sijapata mahali pa kulisahihisha. Sala tuliyofundishwa na Bwana mwenyewe huanza kwa kumwita Mungu Baba, na haiendi mbali kabla ya kuomba chakula cha siku hiyo hiyo. Haina utangulizi wa aina niliyoizoea. Nilikuwa nikiisali tangu utotoni, na sikuwahi kuona jinsi ilivyo fupi.

Zamu yangu ilipofika nilisimama. Nilisema, “Baba, mke wangu anaumwa na atapasuliwa. Nataka apone. Natafuta watu wa kumtolea damu, nami sina.” Kisha nikakaa. Waliitikia. Sala ikaisha, na kama ilivyo desturi, hakuna aliyeinuka.

“Nia ya Bwana Vibali,” mwenyekiti akasema. “Anaibeba nani?”

Palikuwa kimya. Simlaumu mtu hata mmoja kwa kimya kile. Wengi wao waliniletea baadaye unga na kuni, na mmoja alinipalilia mihogo wakati wote tulipokuwa hospitalini. Mwenyekiti aliwasubiri, kisha akasema, “Basi naibeba mimi, na mwenzangu atakayenifuata najua Mungu anamjua,” akatufungia kikao.

Asubuhi iliyofuata yule jirani mwenye duka alikuja kwangu. Huyu ni Mwislamu, babu yake alikuja huku kwa biashara kutoka Kilwa, na duka lake limepakana na ua wa mwenyekiti. Zamani alikuwa akipanga foleni ofisini kwangu kutafuta kibali. Siku hizo alikuwa na lori lake na hakuhitaji kibali cha mtu, jambo ambalo, lazima nikiri, sikuwa nimelizoea bado.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

“Jana mlisali kwa sauti. Na mimi ukuta wangu ni wa mabanzi.”

Nikamtaka radhi kama tulimsumbua.

“Hamkunisumbua. Nimekuja kuuliza, damu ya dukani mnaipokea?”

Nilimwambia, kwa kuwa nilitaka kila kitu kiwe wazi, kwamba itapimwa. Akasema anajua. Akasema pia kwamba usiku ule hakulala vizuri kwa ajili ya jambo hilo, na kwamba mkewe ndiye aliyemwambia aje. Lori lake lilikuwa lipande Kingerikiti kuchukua maharage. Lingetufikisha Litembo kwanza.

Tukapanda, mke wangu akiwa ameketishwa mbele kwa dereva, mimi, mwenyekiti na mwenye duka nyuma. Barabara ile ilikuwa na kona ambazo dereva alizikata kwa kurudi nyuma kwanza. Hospitalini wote wawili walipimwa. Mwenyekiti akatoka amekunja uso.

“Wamenikataa,” akasema. “Damu yangu mwenyewe haitoshi. Nimepanda milima yote hii kuja kuambiwa mgonjwa ni mimi.”

Akapewa vidonge, akakaa benchini akiyasoma maelezo yake kama barua ya kesi. Mwenye duka alikuwa ndani. Sikumbuki kipindi kirefu kuliko kile. Alipotoka alikuwa ameshikilia pamba mkononi na uso wake ulikuwa mwepesi, nami nikaelewa kwamba majibu yake yalikuwa mazuri kwake na kwetu. Damu yake ilipatana. Daktari alisema angependa kupata zaidi, lakini mke wangu hakuwa na muda wa kusubiri zaidi, hivyo ataanza na hiyo.

Walipomwingiza, niliomba kwa sauti pale benchini. Sikusema kadiri itakavyofaa. Nilisema, “Baba, damu ni hiyo moja. Mrudishe.” Ninataka ieleweke kwamba sikuwa na uhakika atarudi. Wanaosimulia kisa hiki husema nilijazwa uhakika. Sikujazwa. Nilikuwa na hofu, na katika hofu hiyo hiyo nilijua kwamba ninasikilizwa na aliye Baba kwangu, na kwamba akinikatalia nitabaki wake. Hilo ndilo nililokuwa nalo. Mwenye duka alingoja nimalize, kisha akaniambia kwamba na yeye amekwisha kusema la kwake. Mwenyekiti akasema, “Mmesema nyote wawili, sasa tulieni.”

Daktari alitoka akiwa amechoka, akasema yu hai. Hakusema neno kubwa zaidi ya hilo, nami sikuhitaji. Ninamshukuru mpaka leo, pamoja na wauguzi wote waliomgeuza kitandani kwa mikono yenye adabu, na ningewataja kwa majina kama ningekuwa na ruhusa yao.

Mke wangu alipopata nguvu ya kuongea aliuliza damu aliyonayo ni ya nani. Nikamwambia. Akasema aitwe. Mwenye duka alikuwa amerudi kutoka Kingerikiti na lori lake la maharage, akasimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi, kama aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mke wangu akamshika mikono yote miwili, akamshukuru kwa Kimatengo kwanza, kwa kuwa shukrani nzito huitoa kwa lugha ya kwao, kisha kwa Kiswahili ili aelewe.

“Shemeji, sasa sisi ni damu moja,” akamwambia. “Utanipunguzia bei ya sabuni?”

“Dada yangu, damu nimekupa. Sabuni tuiache kwanza.”

Mke wangu alicheka, akashika mshono kwa maumivu, akaendelea kucheka huku muuguzi akimkataza. Nilisimama kando ya dirisha lililoelekea kwenye mashamba ya kahawa, nikasema asante, Baba, na sikuongeza kitu.