Kasoro ya Ndizi

Venant alikuwa mtu wa namna hii: basi likimpitisha kituo chake, aliteremka kinachofuata na kurudi kwa miguu, mradi asimwite dereva mbele za watu. Ghalani alikofunga maboksi, wenzake walikaa mwaka mzima wakidhani hajui Kiingereza. Alikijua kiasi, alichokosa ni pa kuanzia.

Kwenye kasiksi tu ndiko haya zilimwisha. Kasiksi ni pombe ya ndizi ya kwao Bushi, huko Kivu, na kuipika ni kazi ya wanaume. Baba yake alimfundisha alipokuwa darasa la sita, na hilo ndilo lilikuwa darasa lake la mwisho. Kule ndizi huvundikwa shimoni. Hapa Mount Druitt, Australia, alizivundika kwenye gereji, amezifunika blanketi mbili kuukuu. Kule hukamuliwa kwa majani ya kondeni. Hapa alinunua duka la wanyama majani makavu wanayotandikiwa sungura, akayaosha kwa maji ya moto. Mtama wa kukaanga aliupata kwa Mhindi. Baada ya siku tatu gereji yote ilinuka sherehe.

Mwaka huo mwanawe Olivier, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza wazee, akapata mchumba. Aliitwa Nicole, binti wa watu wa Bukavu wanaokaa Doonside. Kwa desturi yao, siku ya kwenda kuposa upande wa mwanamume hubeba kasiksi. Wakwe huionja, na katika kikombe hicho hupima ni watu gani hawa wanaomtaka binti yao. Venant hakuwa na ombi jingine mwaka ule ila kwamba kikombe hicho kitoke mkononi mwake.

Lakini mwenye kuamua alikuwa kaka yake mkubwa, Bisimwa, msemaji wa ukoo. Zamani Bisimwa alikuwa karani wa serikali, na mpaka leo alizungumza kama mtu anayegonga mhuri mwisho wa kila sentensi. Jumapili moja alikuja kutoka Minto kuonja. Akanywa funda moja, akatazama dari.

"Mdogo wangu, iyi haiko kasiksi," akasema. "Iyi iko siro ya kikohozi. Ndizi ya hapa haina harufu, inalimwa na mashine. Tutapeleka katoni za bia ya dukani, bakwe wasitucheke."

Venant akasema, "Sawa, yaya," kama kwao wanavyomwita kaka mkubwa.

Chibalonza, mkewe, alingoja gari la shemeji lipinde kona, ndipo akauliza kama hiyo sawa ilikuwa ya kukubali au ile yake ya kila siku. Yeye aliapa kwamba ndizi anaisikia, tena toka barabarani. Lakini Chibalonza ni mke, na wale watu wa kanisani walioisifu kila ubatizo walikuwa wakinywa bure. Shaka ikamwingia Venant. Huenda kweli pua yake ilinusa kumbukumbu tu, na ndani ya kikombe hamna kitu.

Olivier ndiye aliyeleta habari ya mashindano, jioni moja wakiwa mezani wanakula. Duka la vifaa vya kutengenezea bia nyumbani, lile baba yake alikonunua chupa, liliandaa shindano kwa wanaoanza. Venant alikataa kabla ya sentensi kwisha. Olivier akamweleza taratibu: chupa haiandikwi jina, inaandikwa namba. Waamuzi wanakaa chumba cha ndani, huwaoni wala hawakuoni, na kila mmoja anajaza karatasi yake ya alichonusa na alichoonja.

Venant aliacha kula. Watu wasiomjua, wasio na sababu ya kumwonea haya, na wanaandika. Akauliza kwa nini muda wote huo hakuna aliyemwambia kwamba duniani kuna mashindano ya namna hiyo.

Fomu waliijaza kwa simu. Mafungu ya bia yalikuwa ishirini na kitu, na hata moja halikutaja ndizi. Olivier akauliza hii iwekwe wapi. Venant akafikiri, akasema ni nyepesi, ya kunywa mchana kwenye jua. Olivier akabonyeza fungu la kwanza, bia nyepesi ya rangi ya dhahabu, na wote wawili wakaridhika.

Jumamosi ya kupokea chupa, Venant alikwenda peke yake na chupa tatu za plastiki za kahawia kwenye begi, kama fomu ilivyotaka. Kwenye kaunta alikuwepo bwana mmoja mwenye ndevu nyekundu. Akanyoosha mkono. Hapo Venant akakwama.

Kwao humpi mtu pombe uliyoipika bila kuinywa wewe kwanza mbele ya macho yake. Ndivyo unavyomwonyesha kuwa hukumtilia kitu. Kumkabidhi chupa iliyofungwa halafu ukaondoka ni karibu na tusi, na huyu bwana hakuwa amemkosea lolote. Nyuma yake watu wanne walikuwa kwenye foleni. Mwishowe adabu ikaishinda aibu: akafungua chupa, povu likamwagikia daftari la mapokezi, akapiga funda moja kubwa, akafuta mdomo, akampa yule bwana chupa kwa mikono miwili.

Yule bwana aliitazama chupa, akamtazama Venant, akamuuliza kwa upole kama yuko salama. Kisha akamweleza kwamba chupa lazima ziwe tatu, zote zimefungwa, na kwamba mapokezi yanafungwa saa kumi.

Ilikuwa saa nane. Venant alikimbia kituoni, akapanda treni, akachukua chupa nyingine kwenye friji bila kumjibu Chibalonza aliyemuuliza nani anamfukuza, akarudi dukani zikiwa zimebaki dakika sita. Ile aliyoifungua ilikuwa bado juu ya kaunta. Ilibaki nusu, na bwana mwenye ndevu hakutaja habari zake.

Bahasha ilifika baada ya wiki mbili, ndani mna karatasi yenye nembo ya shindano pembeni. Olivier alisoma mezani. Alama kumi na tisa kati ya hamsini. Nafasi ya thelathini na moja kati ya thelathini na mbili.

"Wa mwisho nani?" Chibalonza akauliza.

Hilo halikuandikwa. Yaliyoandikwa ni haya: rangi kama tope, uchachu umezidi. Olivier akashusha sauti kama daktari anayetoa majibu mabaya. Mwamuzi wa kwanza alisema kasoro kubwa ni harufu kali ya ndizi. Wa pili alisema hivyo hivyo, akaongeza kwamba imefunika kila kitu, na mtengenezaji atafute inatoka wapi aiondoe.

"Rudia hapo," Venant akasema.

Olivier akarudia.

"Wanajua kama niliweka ndizi?"

"Hapana, Papa. Hawajui kitu. Bia ya fungu lile ikinuka ndizi ni kosa, basi. Pole."

Venant akanyanyuka, akaenda gereji. Walimsikia huko akicheka peke yake na blanketi zake.

Jioni hiyo alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alimpigia kaka yake simu yeye mwenyewe. Alisema tu, "Yaya, nina karatasi." Kwa Bisimwa neno hilo lilitosha. Kesho yake alikuwa mezani na miwani puani, Olivier akimfafanulia Kiingereza mstari kwa mstari. Alipapasa nembo kwa kidole. Akageuza nyuma kutafuta mhuri.

"Na hii kumi na tisa?"

"Ni kwa ajili ya kasoro, yaya," Venant akasema. "Kasoro yenyewe ni ndizi."

"Waliandika watu wawili?"

"Wawili. Kila mtu peke yake."

Bisimwa akavuta kikombe cha kasiksi, akakinusa muda mrefu, safari hii bila kutazama dari. Akakunja karatasi akaitia mfukoni mwa koti lake. "Katoni za bia, basi. Tutapeleka iyi," akasema.

Siku ya posa huko Doonside, Bisimwa alisimama akawatangazia wakwe kuwa hii ndiyo kasiksi pekee ya Australia iliyothibitishwa kwa maandishi na mashahidi wawili. Alama hakuzitaja. Macho yote yakahamia kwa Venant. Akafungua chupa, na safari hii hakuna aliyemuuliza kama yuko salama. Akamimina, akanywa yeye kwanza, kisha akampa baba yake Nicole kikombe kwa mikono miwili.

Mzee yule hakunywa mara moja. Alinusa, akafumba macho, akanusa tena.

"Ndizi mingi," akasema.

"Ndiyo," Venant akajibu, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni. "Waliniandikia."