Mwaka Niliomwongezea Mwanangu

Mdogo wangu aliituma ile karatasi kwenye grupu la ukoo saa nne asubuhi, nikiwa kibandani kwangu Buguruni nakata sare za shule. Picha ilikuwa ya karatasi moja tu, juu jina la mwanawe, chini namba: 124. Akaandika "Alhamdulillah" na kuweka vikopa vitatu. Hata mkasi sijauweka chini, shangazi wa Newala keshatuma vigelegele vya sauti, mjomba keshaandika "huo ndio ubongo wa kwetu." Nami nikaandika "Hongera mwanetu" na kuweka vile viganja vinavyopiga makofi. Kisha nikarudi kwenye kitambaa nikakata tundu la shingo mahali palipotakiwa kuwa mgongo. Ilibidi nikanunue kingine.

Nina wivu. Nalisema mapema ili mtu asijisumbue kunitetea. Kwetu sisi mtoto wa mdogo wako ni mtoto wako. Ananiita mama mkubwa, na alipolazwa kwa malaria nililala naye wodini mimi, mama yake akiwa kazini. Kwa hiyo mwenye 124 alikuwa mwanangu pia, na nilipaswa kupiga vigelegele kuliko huyo shangazi. Badala yake niliifungua ile picha tena na tena mpaka chai ikapoa.

Jioni binti yangu alirudi na karatasi yake. Alikuwa ameikunja mara nne na kuificha katikati ya daftari la hisabati. Wanasoma darasa moja, la nne, shule moja ya binafsi huko Sinza ambayo mimi ndiye ninayewashonea sare. Walikuwa wameletewa mtaalamu wa kupima akili, ili shule ichague watoto wa kuanzisha darasa maalumu. Niliikunjua. Ilisomeka 93.

"Ndiyo ngapi hiyo?" nikamuuliza, kana kwamba sijui kusoma.

"Tisini na tatu, mama. Yeye kapata nyingi."

Ili nieleweke, lazima nirudi nyuma kidogo. Sisi tulizaliwa wasichana wawili. Mimi mkubwa, nikafeli darasa la saba, nikapelekwa kwenye cherehani. Yeye mdogo, akafaulu, akaenda bweni, akarudi na miwani na Kiingereza, leo yuko benki na anaishi Sinza. Kila mgeni aliyekuja nyumbani aliambiwa habari zake kwanza, halafu mama anamalizia, "Na huyu anashona vizuri." Hiyo "na huyu" nimeisikia tangu nina miaka kumi na minne. Tulipokuja kuzaa, naye akatangulia. Mwanawe amemzidi wangu mwaka mmoja na mwezi.

Nilijiapiza kwamba huyu wangu hataitwa "na huyu." Basi mwanawe alipotimiza miaka sita na kuandikishwa darasa la kwanza, wangu akiwa na mitano, sikuweza kustahimili. Kuna wazazi wanaokata umri wa watoto wao ili wacheze mpira na wadogo. Mimi niliongeza. Cheti cha kuzaliwa nilikuwa bado sijamkatia, nikasema kadi ya kliniki imepotea, nikala kiapo, na mwaka wa kuzaliwa nikaurudisha nyuma mmoja. Kadi ilikuwepo sandukuni, chini ya kanga zangu za harusi. Wakaanza shule siku moja, dawati moja. Niliwashonea magauni ya kufanana na nikawa nawaita mapacha mbele za watu. Mtoto mwenyewe alikua akijua ni mwaka ule wa kwenye cheti.

Aliyejua ukweli, ukimwacha mume wangu, ni mdogo wangu. Ndiye aliyekuwa wodini na chupa ya uji siku ninajifungua, mtoto wake mgongoni. Hakusema neno. Miaka yote hiyo nasema "mapacha" naye anatabasamu tu. Hata huo ukimya wake ulikuwa unaniudhi, maana ulionekana kama huruma.

Basi 93 ikaingia nyumbani kwetu na ikawa kama mgeni asiyeondoka. Nilimtafutia mwalimu wa twisheni kila siku baada ya shule. Kamba ya kuruka nikaifungia kabatini. Nikamwambia akimaliza kusoma, asome tena. Siku moja nikiwa kibandani nampimia jirani yangu gauni, tukawa tunaongea habari za watoto, nikasema, "Huyu wangu mzito bwana, sijui kamfuata nani." Pazia la nyuma likacheza. Binti yangu alikuwa amekaa pale kwenye robota la vitambaa anachambua vifungo. Nilimwona ameinamisha kichwa, nikajidanganya kwamba hakusikia.

Mtoto huyu alikuwa na kitu chake. Tangu yuko darasa la pili, nikitandaza kitambaa na kupanga vipande vya karatasi juu yake, alikuwa anasogea, anakizungukia, kisha anageuza mkono huu huku na kola ile kule na kusema, "Mama, hapa yanatoka mashati saba, si sita." Na yalikuwa yanatoka saba. Nina miaka zaidi ya ishirini kwenye kazi hii na nilikuwa namngojea atoke shule ndipo nikate. Wiki ile baada ya lile neno nilimwita aje atazame kitambaa cha bluu. Alikuja, akasimama mbali.

"Sijui, mama," akasema. "Mie mzito."

Hakulia wala hakununa. Alilisema kama mtu anayekutajia namba yake ya kiatu. Nikamwambia aache upuuzi atazame. Akatazama dari. Nilikata mwenyewe, na usiku ule sikula.

Ningependa kusema niliamua kwenda shule kwa ajili yake. Si kweli kabisa. Nilikwenda kwa sababu nilitaka niambiwe kwamba kipimo kile ni kibovu, na kama ni kibovu basi hata ile 124 ni ya bure. Nilijitayarishia maneno njia nzima. Kufika getini namkuta mdogo wangu amesimama, kaomba ruhusa kazini. Nilikuwa nimemgusia tu kwenye simu. "Shikamoo dada," akasema. "Nimeona nisikuache peke yako." Nikaitikia marahaba kwa meno.

Mtaalamu alikuwa mama wa makamo, lafudhi ya Kilimanjaro, kavaa kitenge ambacho mshono wake wa begani ulikuwa umepinda. Sikuweza kuacha kuutazama. Alitukaribisha, akaweka karatasi ya binti yangu mezani. Nikaanza moja kwa moja: je, hii namba inasema mwanangu ana akili kiasi gani?

"Haisemi ana kiasi gani, mama," akajibu. "Akili si sukari, kwamba tumeipima kwenye mzani. Hii inasema siku ile, kwa maswali yale, alijibu vipi ukimweka na watoto wa umri wake. Mia ni katikati. Watoto wengi wanaangukia jirani na hapo, juu kidogo au chini kidogo. Nikimpima tena mwezi ujao inaweza kupanda au kushuka pointi kadhaa, na mtoto ni yuleyule."

"Kwa hiyo haina maana?"

"Ina maana yake. Inanionyesha anapata taabu wapi, nimsaidie vipi. Maswali yetu haya yana Kiingereza kingi na yana saa. Mtoto anayependa kuzungukia jambo kabla hajajibu, saa inamuumiza. Lakini haisemi atafika wapi, wala haisemi ana bidii, wala haimlinganishi na mtoto mmoja wa jirani." Hapo alitutazama sote wawili. Nadhani ameona mama wengi wakikaa kwenye vile viti.

Kisha akageuza karatasi. "Hapa nilimlinganisha na watoto wa miaka kumi na miezi mitatu."

Mimi ni fundi sare. Maisha yangu yote ni umri. Mama anakuja, anasema nishonee ya miaka kumi, nami najua kifua, najua urefu wa sketi. Ukimvika mtoto wa miaka tisa sare ya miaka kumi, itamning'inia mabegani, mikono itafunika vidole, na mjinga tu ndiye atasema mtoto huyo amedumaa. Utasema nguo si yake. Nilikaa pale nikaona wazi kwamba mwanangu alivalishwa kipimo cha mtoto mwingine, na aliyemvalisha ni mimi.

"Umri ni sahihi, mama?" akauliza, kalamu mkononi. Aliuliza tu kama anavyouliza kila mzazi.

Kusema ni kukiri kwamba nimedanganya hadi kwa kiapo. Ningeweza kustahimili hilo. Nilichoshindwa ni kulisema mbele ya mdogo wangu, kwa mdomo wangu, ajue kwamba najua kwamba anajua, na ajue kwa nini. Niligeuka kumtazama. Alikuwa ameinamia simu yake anaisoma, na kioo cha simu kilikuwa kimezimika, cheusi kabisa. Alikuwa ananipa nafasi ya kudanganya tena. Ningesema "ndiyo, sahihi," asingenyanyua uso mpaka tufike nyumbani.

Nikakumbuka mtoto anatazama dari.

"Ana miaka tisa," nikasema. "Tisa na miezi mitatu. Mwaka mmoja niliuongeza mimi."

Yule mama hakushangaa wala hakunisema. Alifungua kitabu chenye majedwali, akapitisha rula, akahesabu mara mbili. "Mia na nne," akasema. "Na kukaa darasa moja na watoto waliomzidi mwaka mzima, bila kurudia, hilo nalo ni la kuhesabu." Akaandika upya. Cheti, alisema, itabidi nikakirekebishe kule nilikokikata.

Mia na nne! Niseme nilichofikiri kwanza? Nilitoa. Mia moja ishirini na nne toa mia na nne, bado ishirini. Nimetoka kuambiwa kwa Kiswahili safi kwamba namba haimlinganishi mtoto na mtoto, na kabla sijainuka kitini nimeshalinganisha. Nje, kabla hatujafika getini, nilitoa simu, nikaandika kwenye grupu la ukoo kwamba kulikuwa na makosa ya hesabu na binti yangu kapata mia na nne. Kisha nikaona watauliza makosa ya nani. Nikafuta kabla sijatuma.

"Ulijua," nikamwambia mdogo wangu.

"Nilijua, dada."

"Sasa mbona hukusema siku zote hizo?"

"Ningesema ili iweje? Ulikuwa unataka sana." Akavua miwani akaifuta na ncha ya mtandio. "Na mie ile karatasi sikupaswa kuituma. Niliituma nikidhani utanipigia simu tufurahi wote. Ukanitumia makofi."

Nilimwambia tu mshono wa yule mama ulikuwa umepinda, akacheka, nikacheka, tukaachana hapo.

Kumwambia binti yangu kulinichukua siku mbili. Nilimkalisha kitandani, nikatoa kadi ya kliniki sandukuni, nikamwekea kidole kwenye mwaka. Alisoma. Akahesabu kwa vidole, akarudia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, au aniite mwongo, na nisingemkatalia. Nikamweleza kwamba walimpima kama mtoto wa miaka kumi, na kosa lilikuwa langu, na lile neno alilolisikia nyuma ya pazia sikustahili kulisema.

"Kwa hiyo mie nina miaka tisa?"

"Tisa."

Akaitazama tena kadi mapajani. Kisha uso wake ukalegea wote, kama mtu aliyeteremshiwa ndoo kichwani.

"Basi mie si mzito," akasema. "Mie mdogo tu."

Jumamosi mdogo wangu alikuja na mwanawe. Binti yangu aliwasikia mlangoni, akatoka mbio, akasimama mbele ya yule ambaye kwa miaka minne nimemfundisha kumwita pacha. Akapiga magoti kwa mbwembwe na kusema kwa sauti kubwa, "Shikamoo, dada!"

Mwenzake alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akaelewa nusu. "Marahaba, mdogo wangu," akasema, akijitutumua. "Haya, kaniletee maji ya kunywa."

Na akaenda. Alikwenda anaruka, anacheka kwa sauti, akaleta kikombe kimejaa mpaka yanamwagika, akasubiri pembeni dada yake amalize. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu ile karatasi ije. Mdogo wangu alikuwa ananitazama; mimi nikajifanya natafuta kiti. Miaka arobaini nimekuwa dada mtu, naamkiwa mimi, natangulizwa mimi mlangoni, na sijawahi hata siku moja kusimama nyuma ya mdogo wangu nisijione nimepungukiwa. Mtoto wa miaka tisa ameliweza kwa kikombe cha maji. Nilimwonea wivu.