Kanyagio la Bi Sindano

Asubuhi ile ya mwisho Bi Sindano aliamka wa kwanza, kama kawaida yake. Mumewe alikuta chai mezani na mkewe keshakaa kwenye cherehani, mguu juu ya kanyagio, anatia kiraka suruali yake ya kazi. Nyuma ya ukuta mashine ya kusaga ilishaanza kuunguruma.

"Jirani anasema marehemu mumewe anambishia mlango," mzee akasema.

"Amefungua akaangalia?"

"Anaogopa."

"Basi hajui nani anabisha." Akakata uzi kwa meno.

Ndivyo alivyokuwa. Hakukanyaga darasa, lakini neno la kusikia tu hakulimeza. Mteja akisema sketi imembana kwa vijicho vya watu, alimzungushia futi kiunoni. "Umenenepa, shoga. Kijicho hakivai sketi." Kwake dunia ilikuwa hii hii, ya kugusa na kujaribu. Mumewe akisema lazima kuna kitu nyuma ya haya tunayoyaona, alimjibu, "Nionyeshe upindo wake."

Mchana akaanguka akimpima mtoto sare. Moyo. Hakuamka tena.

Baada ya mazishi, alfajiri, mzee alisikia cherehani. Tik-tik. Tik-tik. Machozi yakamtoka.

"Ni dada," shemeji yake alinong'ona. Alikuwa hajaondoka tangu msiba. "Usimguse, shemeji. Atakimbia."

Mzee hakumgusa. Kila alfajiri alilala akisikiliza. Hata alimsalimia. Lakini roho haikutulia. Kama si yeye, anamsalimia nani? Na mkewe mwenyewe angekuwepo, asingelala hapo kama gogo. Angeinuka akaangalia.

Siku moja akainuka. Akaweka kiganja juu ya kanyagio. Lilitetemeka. Akagusa sakafu. Nayo ilitetemeka. Akamwacha shemeji asikilize, akatoka mpaka kwa msagaji, akamwomba azime mashine kidogo.

"Unga umekukosea nini, mzee wangu?"

"Zima tu, mwanangu."

Ikazimwa. Shemeji akaita kutoka ndani, "Limenyamaza!" Ikawashwa. "Limeanza," shemeji akasema, sauti imepungua.

Kumbe miaka yote kanyagio lilitaka kulia alfajiri kwa mtikisiko wa mashine. Mguu wa mkewe ndio ulilinyamazisha.

Mzee akarudi ndani, akakaa kwenye kigoda cha mkewe, akaweka mguu pale pale. Kimya. Sasa ndipo alipofiwa. Akalia bila kujificha, shemeji naye akilia mlangoni, mkono wa mzee ukipapasa goti la suruali aliyovaa, pale penye kiraka.

Suruali hiyo alirushiwa asubuhi ile ya mwisho, uzi umekwisha kukatwa, na mkewe akamwambia akicheka:

"Mimi nikifa, baba, usinisikilize mlangoni, sitakuwepo. Shika goti lako hapo. Hiyo ni kazi yangu, na haifumuki leo wala kesho."