Siku Mstari Uliposhuka

Kovu lililo juu ya jicho la mdogo wangu Mwanaidi nililitia mimi. Haya, nimesema. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimeapa kwamba alianguka ngazini, na mama amekufa akiamini hivyo. Hakuanguka. Nilimpiga kwa mbuzi ya kukunia nazi, tukigombea utepe wa nywele. Nakiri mapema ili uniamini kwa yanayofuata. Mwongo aliyekwisha kujianika atapata faida gani kuongeza uongo mwingine?

Mwaka jana presha iliponizidi, mtaalamu mmoja wa Nyali aliniazima kijimashine cha kujifunzia kutulia nyumbani. Unavaa pete mbili za waya vidoleni, unapumua polepole, na mstari kwenye kioo chake unakuonyesha mwili wako unavyokwenda. Ukitulia, unashuka. Wangu haukushuka. Wiki tatu nzima, kila baada ya sala ya adhuhuri, nyumba tupu hapa Magogoni, mimi na shahada zangu mbili tulishindwa kupumua, kazi ambayo hata kuku anaiweza.

"Mama, una hasira na nani?" mtaalamu aliniuliza.

"Mimi? Sina hasira na mtu."

Siku ile mstari ukashuka. Nilihisi kitu kizito kikinitoka kifuani, kisha sauti nyuma yangu ikaniita kwa jina langu la utotoni. Unajua tulivyolelewa: jua la utosi, usiitikie mwito kabla hujamwona anayekuita. Lakini tulilelewa pia kwamba mtoto wa kike akiitwa huitika. Adabu ikanitangulia.

"Abee."

Nikageuka. Wallahi, niliyemwona alikuwa mimi. Dera langu, uso wangu, hata magaga ya miguu yangu. Mkononi ameshika mbuzi ile ile, niliyoirithi kwa mama.

"Safari hii sikosei," akasema.

Nilijua anakwenda kwa nani. Nikamrukia. Akanipiga nayo mdomoni, jino likaruka, nikaanguka. Akanikanyaga mpaka nikasikia ubavu ukilia ko! Nikamng'ang'ania mguu, akaniponda vidole. Na unajua kilichonitisha kuliko damu? Kioo. Napigwa, na mstari umelala chini kabisa, umetulia kama maji ya mtungini. Hasira yangu yote ilikuwa imesimama juu yangu.

Akatoka mlangoni kwa mwendo wangu. Nikampigia Mwanaidi, huko kwake Likoni. Simu ikaita mpaka ikakatika. Mara saba.

Kijimashine nilikirudisha. Jino sina, na ubavu huniamsha kila nikilalia kushoto. Nawe ukitaka kutulia, tulia, sikukatazi; ila jiulize kwanza hasira ikikutoka itakwenda kwa nani. Na usiitike.

Alasiri ya siku ile ile simu ililia.

"Dada." Mwanaidi alikuwa akihema. "Mkono umevunjika. Majirani wananipeleka hospitali."

"Mdogo wangu, mimi sijatoka nyumbani leo..."

"Umevuka feri kuja kunipiga, na mbuzi ya mama umeiacha sebuleni kwangu. Ina damu, ina nywele zangu. Au utasema tena nimeanguka ngazini?"

Nikatazama jikoni. Pale pembeni inapokaa siku zote, palikuwa patupu.

"La," nikasema. "Ni mimi niliyekupiga. Siku ile, na leo."