Bili ya Jumamosi

Mambo ya stima yalinichosha kabla ya uzee. Miaka ile ya sabini nilikuwa na mashine ya kusaga pembeni mwa mji wa Kisii. Mwanzo ilikuwa ya dizeli, ikikohoa moshi mpaka jirani akahamisha kuku wake. Huyo jirani naye alikuwa na maneno, lakini tumwache. Stima ilipofika kwetu, injini ile niliiuza kwa mtu wa Nyaramba, nikafunga mota. Kwa hiyo mtu akinikatia stima, sina pa kurudi.

Sasa mita ikafa. Mashine inanguruma, tarakimu zimelala. Nikaenda ofisi ya stima kuwaambia mwenyewe, mvua ikininyeshea, kama mjinga mwaminifu. Hawakuja. Kilichokuja ni bili, tena kubwa hata mke wangu akaigeuza nyuma kuona kama tumeandikiwa na ya jirani.

Nikarudi. Karani, kijana mwenye tai, akanieleza kwamba mita isiposoma, wao hukisia.

"Mnakisia kwa kuangalia nini?"

"Mashine za wengine, mzee. Mashine ya kusaga husaga kila siku."

"Yangu haisagi Jumamosi. Sisi ni Wasabato."

"Kila mtu akiletewa bili anakuwa Msabato."

Hilo liliniuma kuliko bili. Shule niliachia darasa la pili, lakini nikitukanwa naelewa. Akasema atatuma mkaguzi, na ikionekana nimeichezea mita, stima inakatwa siku hiyo hiyo.

Mkaguzi akaja siku gani? Jumamosi! Natoka kanisani na suti yangu moja, nakuta gari lao mlangoni.

"Washa mashine, mzee, nione mita."

"Leo siwashi. Njoo kesho."

"Kesho nami nina misa yangu. Washa, ama naandika umekataa kukaguliwa, nakata."

"Jua likizama nitawasha."

Akatazama juu. Jua lilikuwa utosini. Akatoa koleo la kukatia nyaya, akaliweka juu ya gari nilione vizuri.

Mke wangu akamletea kiti na ndizi zilizopikwa Ijumaa.

"Mama, hizi ni baridi," akasema.

"Sabato hatupiki, mwanangu. Tafuna."

Akatafuna. Mimi naona nikiwasha namkosea Mungu, nisipowasha nalala bila kazi.

Jioni akina mama wakaanza kufika na vikapu vya mahindi na wimbi. Wakaviegemeza kwenye mlango uliofungwa, wakaketi. Mkaguzi akamuuliza mmoja, "Mbona hamwendi kwa mashine nyingine?"

"Tunasubiri jua lizame, kama kila Jumamosi. Na wewe na hilo koleo, unataka kuling'oa jua?"

Wakacheka mpaka akaona haya, akalirudisha garini.

Jua likazama. Nikafungua, nikawasha. Unga ukaruka, mkaguzi akamulika mita kwa tochi. Akaigonga. Akaigonga tena. Haikusogea hata unywele.

"Mzee, mita yako imekufa!" akanipigia kelele sikioni, kama ananiletea habari.

Bwana! Nilitaka kumvisha debe kichwani. "Si ndilo nililokuja kuwaambia?"

"Basi haijulikani umetumia kiasi gani. Itabidi tukisie upya."

"Kisieni," mke wangu akasema, "lakini toa Jumamosi."

Akawatazama wale akina mama kwenye foleni, akaandika. Jumamosi zote akatoa. Nikamwambia atoe na siku ambazo stima yao yenyewe ilipotea, nikakaa gizani na mahindi ya watu. Akasema hizo hakuziona kwa macho yake.

Stima sikukatiwa, na bili ile mpya nililipa huku nikinung'unika, nusu yake hewa tupu. Mita nyingine waliniletea baadaye sana, na hiyo ilikimbia kama mbuzi aliyekata kamba.